Je, Nguchiro Aweza Kufugwa Nyumbani?

Mji wa Dar es Salaam unapopanuka, haupanuki katika nchi tupu. Bunju na Mabwepande kwa upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma kwa upande wa Temeke, kwa muda mrefu palikuwa mahali pa minazi, mikorosho, mihogo na vichaka. Watu walipohamia huko kwa wingi, wanyama wakubwa walitoweka. Baadhi ya wadogo wamebaki. Mmoja wao ni nguchiro, ambaye huonekana asubuhi akivuka njia kwa mbio, mwili umeinama na mkia umenyooka, kisha akapotea katika majani ya bondeni.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo zamani lilikuwa la watu wa mashambani sasa limekuwa la watoto wa mjini. Kinda wa nguchiro akiokotwa wakati wa kufyeka kiwanja, je, aweza kulelewa nyumbani kama paka? Wanafunzi wamekwisha kuniuliza swali hili mara nyingi, na baadhi yao huongeza hoja: watu wa Ulaya na Marekani hufuga ndani ya nyumba zao mnyama afananaye naye sana, aitwaye fereti. Ikiwa wao waweza, kwa nini sisi tusiweze?

Hoja hiyo ni nzuri, kwa kuwa yatulazimisha kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya: mnyama aliyezoea watu, na mnyama aliyefugika. Makala haya yataeleza tofauti hiyo, na kuonyesha kwa nini yaweza kuwa tofauti kati ya uhai na kifo.

KUFANANA SI UNDUGU

Fereti na nguchiro wote wana mwili mrefu, miguu mifupi, kichwa chembamba na meno makali. Mtu akiwaona pamoja aweza kudhani kwamba ni ndugu wa karibu. Sivyo. Fereti yumo katika familia ya Mustelidae, ambayo hapa kwetu wawakilishi wake ni kicheche mwenye milia myeusi na myeupe, nyegere, na fisi maji. Nguchiro yumo katika familia ya Herpestidae. Wala nyama wote, yaani mamalia wa oda ya Carnivora, waligawanyika zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita katika matawi mawili makubwa: tawi la mbwa na tawi la paka. Fereti yuko upande wa mbwa. Nguchiro yuko upande wa paka na fisi. Maumbo yao yamefanana kwa sababu kazi yao inafanana: kupenya katika mashimo na nyufa kutafuta mawindo. Papa na pomboo nao wamefanana kwa sababu hiyo hiyo, ilhali mmoja ni samaki na mwingine ni mamalia.

Tena, jina nguchiro si la mnyama mmoja. Yuko nguchiro mwenye miraba mgongoni, Mungos mungo, aendaye kwa makundi mchana. Yuko nguchiro mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia, ambaye aghalabu huwinda peke yake. Yuko karambago mwenye mkia mweupe, atembeaye usiku. Na yuko mdogo kuliko wote, Helogale parvula, ambaye uzito wake ni kama gramu 300 tu.

FERETI ALIFUGIKAJE?

Fereti hakuokotwa jana. Mababu zake ni wanyama wa mwituni wa Ulaya, na watu wamemfuga kwa zaidi ya miaka 2,000. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeishi enzi za kuzaliwa Kristo, aliandika juu ya wanyama wa aina hii waliotumiwa Hispania kuwatoa sungura mashimoni. Katika muda huo wote, fereti mkali aliyemng'ata bwana wake hakupewa nafasi ya kuzaa, na mpole alizalishwa. Upole ukawa jambo la urithi.

Jinsi uchaguzi wa namna hii unavyofanya kazi ilionyeshwa kwa jaribio lililoanzishwa mwaka 1959 na Dmitri Belyaev, ambalo lilifanyika karibu na mji wa Novosibirsk, Urusi. Katika kila kizazi cha mbweha alichagua wale wachache waliowaogopa watu kidogo kuliko wenzao, akawazalisha hao tu. Baada ya vizazi kadhaa walizaliwa mbweha waliotikisa mikia walipomwona mtu, na baadhi yao walikuwa na masikio yaliyolala na manyoya yenye mabaka. Mbweha hao hawakufundishwa upole, walizaliwa nao. Hiyo ndiyo maana ya kufugika. Kuzoea ni habari ya mnyama mmoja, nayo hufa pamoja naye. Kufugika ni habari ya ukoo mzima.

Pamoja na hayo yote, fereti si mnyama mwepesi kutunza. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliwaona katika nyumba za watu, nikajifunza kwamba anayewafuga vizuri anafanya kazi ya kila siku. Tuseme mmoja wao ameletwa Temeke. Mwenye kumtunza atakutana na mambo matatu.

La kwanza ni chakula. Fereti ni mla nyama kamili. Utumbo wake ni mfupi, na chakula hupita ndani yake kwa muda wa saa tatu au nne tu. Ugali, wali na maharage havimfai, kwa kuwa mwili wake haukuumbwa kunufaika na wanga mwingi. Huhitaji nyama, tena mara nyingi kwa siku.

La pili ni joto. Mwanadamu hujipoza kwa jasho: maji yanapogeuka mvuke juu ya ngozi, huchukua joto la mwili na kuondoka nalo. Fereti ana tezi chache sana za jasho. Hali ya hewa inapofika nyuzi 30 za Selsiasi, huwa katika hatari ya kuzidiwa na joto na kufa. Dar es Salaam, kati ya Januari na Machi, joto la mchana hufikia nyuzi 31 au 32, na hewa imejaa unyevu. Wengine hudhani kwamba feni yatosha. Lakini feni haiipozi hewa. Huharakisha tu jasho kugeuka mvuke. Kwa mnyama asiyetoa jasho, feni humpulizia hewa yenye moto ule ule.

La tatu ni mwanga. Kalenda ya mwili wa fereti, yaani majira ya kuzaa na kubadili manyoya, huongozwa na urefu wa mchana. London, mchana mrefu wa mwezi Juni huuzidi ule mfupi wa Desemba kwa saa nane na zaidi. Kwetu tofauti haifiki saa moja. Aidha, fereti jike akiingia katika majira ya kuhitaji dume asipate, homoni zake zaweza kuendelea kuwa juu kwa muda mrefu hata zikadhuru uboho wa mifupa, mahali panapotengenezwa damu, naye akafa kwa upungufu wa damu. Ndiyo maana majike wasiokusudiwa kuzaa hufanyiwa upasuaji au hupewa dawa na daktari wa mifugo.

Basi hata mnyama aliyefugika anataka elimu. Lakini kwa fereti elimu hiyo ipo. Imekusanywa na wafugaji, madaktari wa mifugo na hata watafiti wa maradhi ya binadamu. Mwaka 1933, huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ya koo ya wagonjwa wa mafua makali, wakayachuja yasibaki na bakteria, wakawatia fereti puani. Fereti wakaugua. Hivyo ndivyo virusi vya influenza ya binadamu vilivyopatikana, na hivyo ndivyo tunavyojua kwamba mwenye mafua hapaswi kumshika fereti, wala fereti mwenye mafua hapaswi kushikwa.

NGUCHIRO NA SHULE YAKE

Sasa tumtazame nguchiro mwenye miraba. Huyu tunamfahamu vizuri zaidi kutokana na utafiti ulioanza miaka ya 1990 katika rasi ya Mweya, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Huishi kwa makundi ya wanyama kama 20. Majike kadhaa hushika mimba kwa wakati mmoja, na mara nyingi huzaa usiku mmoja. Makinda hulelewa na kundi zima: wakubwa wanapokwenda kutafuta mende, jongoo na mabuu, mmoja au zaidi hubaki shimoni kulinda.

Makinda wakianza kutoka, kila mmoja hujipatia mlezi, ambaye pengine si mzazi wake. Humfuata kutwa, humlilia, hulishwa naye na humtazama. Mwaka 2010 Corsin Müller na Michael Cant walitangaza matokeo ya jaribio lililofanyika Mweya. Waliwapa nguchiro vifuko vigumu mfano wa yai, vyenye chakula ndani. Baadhi ya wakubwa hufungua kitu kama hicho kwa kuking'ata. Wengine hukirusha kwa nyuma, kati ya miguu yao, kikagonga jiwe na kupasuka. Makinda waliomtazama mlezi wao, walipokua walitumia njia ile ile ya mlezi. Kwa maneno mengine, kinda wa nguchiro anasoma, na mwalimu wake ni mlezi huyo.

Kinda aliyeokotwa kiwanjani Chamazi ameondolewa shuleni. Hajui tena jongoo yupi wa kumsugua mchangani kabla ya kumla, wala sauti ipi ina maana ya mwewe. Atakapopelekwa nyumbani atamfuata mtu kama ambavyo angemfuata mlezi wake. Atalala mfukoni na kulia akiachwa peke yake. Hapo watu husema, "Tazameni, amefugika." Sivyo: ameona watu kuwa ndilo kundi lake. Akishakua, atataka nafasi katika kundi hilo kwa desturi ya nguchiro, na desturi hiyo ni meno. Atatia alama ya harufu ya tezi zake kwenye miguu ya viti na magodoro. Atarusha mayai na vikombe ukutani. Atawaua vifaranga wa jirani. Mwenye nyumba akichoka, atamfunga kamba au atamtupa porini, ambako hana kundi wala elimu ya kuishi.

HOJA YA NYOKA NA PANYA

Wako wanaosema kwamba taabu hiyo ina malipo, kwa kuwa nguchiro huua nyoka na panya. Ni kweli kwamba baadhi ya nguchiro huua nyoka, na sababu yake si wepesi tu. Sumu ya swila hushika vipokezi vilivyo kwenye misuli, ambavyo kazi yake ni kupokea amri zitokazo kwenye mishipa ya fahamu. Vipokezi vikishikwa, misuli hulegea, na pumzi hukatika. Mwaka 1992 watafiti wa Israeli, Sara Fuchs akiwa miongoni mwao, walieleza kwamba vipokezi vya nguchiro vina umbo tofauti kidogo mahali hapo hasa, hivyo sumu haivishiki vizuri. Lakini kinga hiyo si ya sumu zote. Wala nguchiro mwenye miraba, ambaye ndiye huonekana kwa makundi, hategemei nyoka kwa chakula chake. Yeye ni mla wadudu.

Kuhusu panya, dunia ilikwisha kujaribu. Mwaka 1872 nguchiro tisa kutoka India walipelekwa Jamaika ili wale panya wa mashamba ya miwa. Waliongezeka haraka wakasambazwa katika visiwa vingine. Lakini panya hutoka hasa usiku, na nguchiro hao huwinda mchana. Wakageukia ndege, mijusi na kuku. Tena, katika baadhi ya visiwa hivyo, kama Puerto Rico na Grenada, wamekuwa wabebaji wakuu wa kichaa cha mbwa. Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo zito kuliko yote.

UPOLE UNAPOKUWA DALILI YA UGONJWA

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi ambavyo huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kung'atwa. Kutoka kwenye jeraha, virusi husafiri ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Katika nchi yetu mwenye kueneza ugonjwa huu hasa ni mbwa. Lakini mamalia yeyote aweza kuupata, na mbwa hupigana na nguchiro mara kwa mara pembezoni mwa mji.

Watu wengi wanajua kwamba mnyama mwenye kichaa huwa mkali. Wachache wanajua kwamba mnyama wa mwituni mwenye kichaa mara nyingine huwa mpole. Hupoteza woga, huja uani mchana, hukubali kushikwa. Jambo hili limeonekana sana Afrika Kusini kwa nguchiro wa manjano, ambaye ni mbebaji wa ugonjwa huu huko. Basi nguchiro aliyemkaribia mtoto bila woga hajaonyesha urafiki. Huenda ameonyesha dalili.

Angalia sasa jinsi elimu ya ufugaji inavyookoa maisha. Mbwa au paka mzima akimng'ata mtu, mnyama huyo aweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Akibaki mzima, tunajua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile alipong'ata. Kanuni hiyo ilipatikana kwa kuchunguza wanyama wengi, na huko Marekani hutumika kwa fereti pia, ambaye ana chanjo yake iliyothibitishwa. Kwa nguchiro hakuna kanuni ya namna hiyo, wala chanjo iliyothibitishwa kwa ajili yake. Mtoto aking'atwa na nguchiro wa nyumbani, hata awe amelelewa kwa maziwa ya chupa, hakuna siku za kungoja na kutazama.

La kufanya ni hili. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, majivu wala maji ya majani. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya au hospitali, na mganga aelezwe wazi aina ya mnyama, ili chanjo ianzishwe, pamoja na dawa ya kingamwili ikihitajika. Asifichwe kwa kuogopa kwamba mnyama aliwekwa nyumbani bila ruhusa: faini hulipwa ikaisha. Mnyama akifa au akiuawa, asishikwe kwa mikono mitupu, na kichwa chake kisipondwe, kwa maana ubongo ndio unaochunguzwa. Afisa mifugo wa kata aarifiwe. Wakazi wa Dar es Salaam wana bahati kwamba Maabara Kuu ya Veterinari, yenye uwezo wa kufanya uchunguzi huo, iko mjini humo humo, Temeke.

SHERIA, NA NJIA ILIYO BORA

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa. Anayemkuta kinda wa nguchiro amwache alipo, maana mara nyingi kundi haliko mbali. Akiwa amejeruhiwa, apewe habari afisa wa wanyamapori. Na mwenye kuku asiwatupie nguchiro sumu, ambayo yaweza kumdhuru mtoto au mbwa. Afunge banda kwa wavu wenye matundu madogo na kuchimbia sehemu yake ardhini.

Si kwamba wanyama wa Afrika hawafai kufanya kazi na watu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku wamekuwa wakizalishwa na kufundishwa tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Lakini hao huzaliwa chini ya uangalizi, hushikwa na watu tangu wangali wadogo, hupimwa, na kumbukumbu zao huandikwa. Shule itakayo mnyama wa kujifunzia na ianze na simbilisi au sungura, ambao wamefugika, ulaji wao ni wa majani, na maradhi yao yanajulikana. Nguchiro na abaki mwalimu wa nje ya darasa.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Chukua vipimajoto viwili vilivyo sawa. Funga kimoja kwa kitambaa chenye maji, kingine kiache kikavu. Viweke mbele ya feni kwa dakika 10. Kipi kimeshuka? Kipi kinafanana na mwanadamu, na kipi na fereti? Rudia siku yenye unyevu mwingi na ulinganishe.

2. Ikiwa nguchiro wanaonekana karibu na shule, watazame kwa mbali bila kuwalisha. Kwa wiki mbili andika saa, idadi, mahali na walichokuwa wakila. Je, ni wa kundi au wa peke yake? Ni wa aina gani?

3. Pamoja na mwalimu, ulizeni nyumba 30 za mtaa wenu: mbwa wangapi wapo, na wangapi wana cheti cha chanjo ya mwaka huu? Shirika la Afya Duniani linasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mwendo wa kichaa cha mbwa hukatika. Mtaa wenu umefikia asilimia ngapi? Pelekeni hesabu hiyo kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.